Mtafute Mkalimani: Namna ya Kuipima Riwaya ya Mwanahabari Kambini

Ukiishika riwaya ambayo mhusika mkuu wake ni mwanahabari wa kigeni aliyetumwa kuripoti habari za wakimbizi, usianze na uzuri wa lugha yake. Mtafute kwanza mkalimani.

Mwanahabari aliyefika Ngara, magharibi mwa Tanzania, mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu zaidi ya 200,000 walipovuka mpaka wa Rusumo kutoka huko kwa muda wa siku moja hivi, alihitaji mtu wa kumsemea. Mhangaza, mwenyeji wa Ngara, hakumhitaji mkalimani, maana Kihangaza na Kinyarwanda ni lugha ndugu. Basi mtunzi anayemfanya mgeni asimuliwe kisa kirefu, kilichonyooka, bila kupita kinywani mwa mtu wa tatu, ameikwepa sehemu ngumu kuliko zote. Mtunzi hodari humpa mkalimani jina, watoto wa kulisha, na sababu ya kupunguza neno hapa na kuongeza pale. Pengine anamwogopa mtu aliyesimama nyuma ya msimuliaji.

Na watu wa kuogopwa walikuwapo kweli. Katika kambi ya Benaco kule Ngara, na katika kambi za Goma, Zaire ya wakati huo, zilizofurika Julai mwaka huohuo, wakimbizi walikaa kwa kufuata maeneo walikotoka, na baadhi ya viongozi walioongoza mauaji wakaendelea kuwatawala, wakishika hata orodha za mgao wa chakula. Hali hiyo ndiyo iliyolifanya tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liondoke kambini mwishoni mwa 1994. Goma kipindupindu kiliua makumi ya maelfu, na ardhi ya mawe ya volkano haikuchimbika makaburi. Watazamaji wengi wa mbali walipoona maiti zile kwenye televisheni walidhani ni wahanga wa mauaji ya kimbari. Riwaya bora itamwacha mwanahabari wake akosee hivyo, kisha itamwajibisha kwa kosa lake. Iliyo dhaifu hukosea pamoja naye, kwa kuwa mtunzi mwenyewe hajui nani ni nani kwenye foleni ya unga na maharage.

Halafu tazama vitu. Katika *By the Sea* ya Abdulrazak Gurnah (2001) hakuna mwanahabari kambini, lakini naitumia kama kipimo: Saleh Omar anatua Gatwick na kisanduku cha udi, ofisa wa uhamiaji anamnyang'anya, na ndani ya kisanduku kile mna biashara nzima ya Bahari ya Hindi. Mkimbizi aliyepewa blanketi na machozi tu hajaandikwa bado.

Gil Courtemanche, katika riwaya yake ya Kigali ya mwaka 2000, alimchora vizuri Valcourt, mwanahabari wa Kanada, na hoteli anayokaa. Gentille, mwanamke Mnyarwanda anayempenda, namwona akitazamwa kuliko anavyotazama. Hiyo ni kasoro kubwa, hata kama kitabu kina hasira ya kweli.

Mwisho, pima muda. Mwanahabari hukaa siku chache. Kambi ya Nyarugusu, Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ina watu wazima waliozaliwa humo. Kwa hiyo ukiwa dukani ifungue sura ya mwisho kabla ya kulipa. Ukimkuta mgeni amesharudi kwao, anajiombolezea nafsi yake, na wakimbizi hawaonekani tena, irudishe rafuni.