Takriri, Marudio na Kukariri: Kikapu cha Handa katika Nchi ya Chai

Uhakiki wa fasihi ya watoto kwa Kiswahili aghalabu hukipima kitabu kwa usomaji wa mara moja. Mhakiki hukifungua, akabainisha dhamira, akayahesabu maadili, akaukagua msamiati iwapo unalingana na umri wa hadhira, kisha akakifunga. Kipimo hiki chaweza kuifaa riwaya. Hakikifai kitabu cha picha, ambacho msomaji wake hajui kusoma: husomewa na mtu mzima kwa sauti, akakidai tena kesho na kesho kutwa. Maisha ya kitabu kama hicho yamo katika usomaji wa saba na wa ishirini.

Katika kaunti za Kericho na Bomet jambo hili lina uzito wake. Chini ya Katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti, na mwalimu aliyepewa vitabu vichache atavirudia, apende asipende. Basi swali la kihakiki ni hili: kitabu gani chastahimili kurudiwa?

Chukua Handa's Surprise, kitabu kilichoandikwa na kuchorwa na Eileen Browne na kuchapishwa London mwaka 1994, ambacho kina pia toleo la lugha mbili lenye Kiswahili. Mandhari yake ni Uluoni, magharibi mwa Kenya, mwendo mfupi chini ya miteremko ya Kericho. Handa amejitwika kikapu chenye matunda saba ya kumpelekea rafiki yake Akeyo. Njiani anajiuliza ni tunda gani litakalompendeza mwenzake. Nyuma yake, tumbili anachukua ndizi, mbuni pera, pundamilia chungwa, na kadhalika hadi kasuku anapomaliza pasheni. Mbuzi aliyekatika kamba anaugonga mchenza, na kikapu kitupu kinajaa machenza bila ya Handa kujua. Maandishi hayamtaji mwizi hata mmoja. Wizi wote umo katika picha.

Perry Nodelman, katika utafiti wake wa 1988 kuhusu vitabu vya picha, alionyesha kwamba maneno na picha huhusiana kwa kinaya: kila upande hufichua upungufu wa mwingine. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haijaeleza kinaya hicho kinavyokua kwa marudio. Katika usomaji wa kwanza sikio la mtoto hufuata sauti ya mwalimu, na jicho huenda likachelewa. Katika wa pili mtoto huonyesha kwa kidole. Kufikia wa tano anajua asiyoyajua Handa, naye humwonya kwa kelele mhusika asiyeweza kusikia. Baadaye hata kelele hupungua: mtoto hungoja. Mshangao alioshiriki mwanzoni sasa anautazama ukiwapata wengine. Maneno ni yaleyale, ila nafasi ya msikilizaji imehama.

Hapa ndipo takriri, marudio na kukariri vinapopaswa kutenganishwa. Takriri ni mbinu iliyomo ndani ya matini, kama lile swali la Handa linalorudi kwa kila tunda. Marudio ni tendo la usomaji. Kukariri ni kutamka kitu kilekile huku nafasi ya mtamkaji ikibaki palepale, na anayedai kwamba kusoma upya ni kukariri kwa jina jingine amevichanganya viwili hivi. Utafiti wa Jessica Horst na wenzake, uliotolewa 2011, uliwagundua watoto wa miaka mitatu waliosikia hadithi zilezile wakijifunza maneno mapya zaidi kuliko waliosikia hadithi mbalimbali, ingawa maneno yenyewe waliyasikia mara sawa.

Kwa Kiswahili kuna faida nyingine ambayo tafiti za Kiingereza haziwezi kuiona. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unataka watoto wadogo wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Katika makazi ya wafanyakazi wa mashamba makubwa ya chai, wanamoishi Wakipsigis, Wakisii, Wajaluo na Waluhya, lugha hiyo aghalabu ni Kiswahili. Mtoto wa Kikisii ana ngeli katika lugha ya mama. Wa Kikipsigis na wa Kijaluo hawana ngeli za namna hiyo. Basi sikiliza kikapu cha Handa: ndizi ni ya, pera, chungwa, embe, nanasi na parachichi ni la, kisha pasheni inairudisha ya. Upatanisho wa kisarufi unaingia sikioni bila somo.

Kuna pingamizi la haki dhidi ya kitabu hiki: wanyama wake wanapita kama katika mbuga ya kitalii, na mtoto wa Bomet hajamwona mbuni akinyemelea mapera. Hata hivyo kikapu anakijua. Mchuma chai hukibeba mgongoni, na majani huyatupa juu ya bega bila kugeuka. Kwa mtoto huyo, mtu asiyekiona kikapu chake mwenyewe ni tukio la kila asubuhi. Tofauti ni kwamba cha mama hujaa na cha Handa hupungua. Wala kurudiwa kwa hadithi si jambo geni. Ngano za Wakalenjin, ambazo Ciarunji Chesaina amezikusanya katika kitabu chake cha 1991, zilisimuliwa kwa hadhira iliyokwisha kuyajua ya zimwi na mwisho wake.

Linalobaki ni sauti ya msomaji. Mwalimu anayetangaza katika siku ya kwanza kwamba tumbili ameiba ndizi amelijaza pengo ambalo mwandishi aliliacha kwa makusudi, na usomaji wa pili hauna tena kazi ya kufanya. Anayefunga kitabu kwa kuuliza "Tumejifunza nini?" hutenda kosa hilohilo kwa upande wa pili. Swali la Handa hudai sauti ya mtu asiyeona kitu, hata katika usomaji wa ishirini, na kabla ya kufungua ukurasa unaofuata, kimya cha kutosha kwa kidole cha mtoto.