Hodi Isiyojibiwa: Nusu ya Sharti Iliyofutwa Kwenye RDS

Kiraka kilichoziba hitilafu ya CVE-2019-11815 kwenye kerneli ya Linux kilifuta nusu ya sharti moja tu, ndani ya faili net/rds/tcp.c. Kiliingia katika toleo la 5.0.8, Aprili 2019. Kwangu mimi, hakuna somo bora la kumpa anayeanza kuandika msimbo wa kusafisha miunganisho ya mtandao.

RDS ni itifaki yenye asili ya Oracle, na inaweza kupita juu ya TCP. Kila neimspesi ya mtandao, yaani ule mtandao uliotengwa ambao kontena huuona kuwa wake peke yake, huwa na miunganisho yake ya RDS. Neimspesi ikifa, kerneli huita rds_tcp_kill_sock, ambayo hupitia orodha ya miunganisho yote na kuchagua ile ya marehemu. Haiiharibu palepale. Orodha inalindwa na spinloki, aina ya kufuli, na aliyeshika spinloki haruhusiwi kulala, ilhali kuharibu muunganisho kunalazimu kusubiri kazi zake zikome. Kwa hiyo iliyochaguliwa huhamishiwa kwanza kwenye orodha ya muda, kufuli linaachiwa, ndipo inaharibiwa mmoja mmoja. Hapo mwandishi alikuwa makini. Kasoro ilikuwa kwenye kuchagua.

Sharti lilisema: ruka muunganisho kama si wa neimspesi hii, au kama kielekezi chake t_sock ni kitupu. Ukilisoma haraka unalikubali, maana kama hakuna soketi, utafunga nini? Lakini fuatilia maisha ya t_sock. Hujazwa kabla tu ya connect kuitwa. Connect ikishindwa, hufutwa, na kazi ya kuunganisha inarudishwa kwenye foleni ijaribu tena baadaye. Upande wa pili usipopatikana, hali huwa hiyo hiyo siku nzima. Kati ya jaribio na jaribio, muunganisho hauna soketi, lakini u hai na kazi yake inangoja zamu. Ukipiga hodi usijibiwe, huandiki kwamba nyumba haina mwenyewe. Huenda yuko njiani anarudi. Msafishaji wetu aliandika hivyo.

Yaliyofuata yalikuwa suala la nani atatangulia. Muunganisho unarukwa, kumbukumbu ya neimspesi inaachiwa, kisha muda wa kungoja unaisha. Kazi inaamka na kwenda kuunda soketi ndani ya neimspesi isiyokuwepo. Chombo cha KASAN, kinachonasa matumizi ya kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa, kiliipigia kelele. Hitilafu ilipewa alama 8.1 kati ya 10, ingawa mifumo kama Ubuntu huzuia moduli ya rds isijipakie yenyewe.

Dawa ilikuwa kuacha swali moja: je, muunganisho huu ni wa neimspesi hii? Kama ndiyo, uharibiwe, uwe na soketi au usiwe nayo. Hakuna kufuli jipya wala bendera mpya. Napenda sana ujasiri huo wa kufuta, kwa sababu mkono wa fundi aliyebanwa hukimbilia kuongeza. Mwandishi wa kiraka angeweza pia kuufanya muunganisho ushikilie hesabu ya marejeo ya neimspesi, ile inayoizuia isife kabla haijafika sifuri. Lakini muunganisho huondolewa pale neimspesi inapokufa. Ukiishikilia daima, haitakufa, na muunganisho nao hautaondolewa.

Mwaka 2022 hesabu hiyo ilirudi, safari hii kwa soketi za TCP, kwa kuwa saa zao za kutuma upya zilikuwa zikigusa neimspesi iliyokwisha kufa. Kiraka cha kwanza kiliongeza hesabu bila kuuliza. Kikajikwaa palepale pa zamani: kazi ya kwenye foleni iliamka wakati hesabu imeshafika sifuri, na kuongeza moja juu ya sifuri ni kumfufua maiti. Cha pili kikatumia maybe_get_net, ambayo hukataa ikikuta sifuri, na jaribio la kuunganisha likaishia hapo. Kuuliza huko ni salama kwa sababu rds_tcp_exit_net husubiri foleni ya RDS imalize kazi zake kabla ya kurudi, kwa hiyo kumbukumbu inayoulizwa bado ipo.