Upepo wa Paundi 110

Lori lililobeba shaba kutoka Tunduma kwenda bandari ya Dar es Salaam hushuka mlima Kitonga kwa gia nzito, na likifika Ruaha Mbuyuni, kwenye jua kali na mafungu ya vitunguu, rimu zake hazishikiki kwa moto wa breki. Pembeni mwa barabara hii, pale na katika vituo vingine vingi hadi Chalinze, wapo mafundi tairi ambao ofisi yao yote inasukumika kwa mikono: kompresa ya injini ya petroli juu ya tangi lenye magurudumu mawili, mpira mrefu wa upepo, jeki, mtaimbo, nyundo na kopo la maji ya sabuni. Mpita njia huona kelele na grisi. Mimi hupenda kuwatazama, na kinachonivutia zaidi ni yale wanayokataa kuyafanya.

Chukua tairi iliyotoka kushuka mlima. Dereva anaweka geji, inasoma 125, naye anajua alijaza 110 kabla ya safari. Anataka ipunguzwe kabla haijapasuka. Fundi mzuri hagusi valvu. "Mzee, huo ni moto wa mlima. Kanywe chai kwanza." Jibu hilo fupi lina fizikia kamili ndani yake. Hewa haijaongezeka, imepata joto tu. Tairi iliyojazwa paundi 110 ikiwa na nyuzi joto 25 itasoma 125 na zaidi kidogo ikifika nyuzi 65. Ukiipunguza hapo hadi 110, ikipoa usiku utaikuta na paundi 95 hivi. Tairi legevu hukunjika ubavuni kila inapozunguka, na huko kukunjika ndiko kunakozaa joto. Yaani dereva aliyeogopa moto atakuwa ameutengeneza kwa mkono wake.

Kuhusu mashine yenyewe, watu huidharau kwa kuwa wameizoea. Tairi la gari dogo hutosheka na paundi 30 au 35. La lori linataka mara tatu ya hapo, na tumbo lake ni kubwa: kulijaza kutoka tupu hadi 110, kompresa inabidi ifyonze hewa ya kawaida kiasi cha lita 1,000. Vile vikompresa vya kuchomeka kwenye betri, vinavyovuta lita 40 kwa dakika, vitahangaika karibu nusu saa kwa hesabu ya karatasi. Kwa kweli ni zaidi, maana kadiri presha inavyopanda ndivyo pampu inavyosukuma kidogo, tena lazima ipumzishwe isiungue. Wapo madereva wanaovuta upepo kutoka kwenye mfumo wa breki wa lori lenyewe. Inasaidia ukiwa porini, lakini mfumo huo mara nyingi hukata kujaza kwenye presha isiyozidi sana hiyo unayoitafuta, kwa hiyo paundi za mwisho huja kwa kudondoka.

Ndiyo maana fundi ana tangi. Kila asubuhi hufungua koki ya chini na kumwaga maji ya rangi ya kutu, unyevu wa hewa uliogeuka maji baada ya kubanwa na kupoa. Asiyemwaga analilisha tangi lake kutu, na maji mengine anayapeleka ndani ya tairi za wateja.

Thamani ya tangi huonekana pale tairi lisilo na tyubu linapovalishwa rimu. Midomo yake inaning'inia, haigusi chuma, na hewa yoyote unayoingiza kwa utaratibu inatorokea pembeni. Hapo kikompresa cha betri kinaweza kuunguruma hadi jioni. Fundi hufanya subira ya namna nyingine. Anapaka sabuni midomo yote miwili, anatoa kile kisindano cha ndani ya valvu ili njia iwe pana, kisha anaacha injini ijaze tangi hadi mwisho huku yeye amekaa kimya. Tangi likishiba, anafungulia kwa mkupuo. Tairi linavimba, linakwaruza, halafu pa! Bado hatabasamu. Anangoja pa! ya pili, ya mdomo wa upande mwingine. Wengine humwaga petroli na kuwasha kiberiti kupata mlipuko huohuo. Wanaitwa wataalamu, mimi nawaita watu wenye bahati ambayo haijaisha.

Kinachofuata ndicho cha hatari kuliko vyote. Tairi lililokimbia kilomita kadhaa bila upepo wa kutosha huenda limekatika nyuzi za chuma ubavuni, na nje halionyeshi kitu. Likijazwa, ubavu unaweza kufumuka kwa mpigo na kuua. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinataka tairi la namna hii, likiwa kwenye rimu ya vipande na limetembea na asilimia 80 au chini ya presha inayopendekezwa, litolewe upepo wote kabla gurudumu halijafunguliwa kwenye ekseli. Fundi wa barabarani hana karatasi hiyo, ila nimeona viganja vinavyoijua. Anapapasa ubavu wote polepole, anabonyeza, anasikiliza kama kuna mlio wa kukatikakatika, na akiusikia anarudisha tairi chini na kukataa pesa. Likiwa zima, hulijaza kwa mpira mrefu wenye kibano, akisimama usawa wa kashata, ile sehemu inayokanyaga barabara, kamwe si mbele ya ubavu. Rimu za zamani zenye pete huzifunga mnyororo kwanza, kwa kuwa pete iliyokaa vibaya huruka.

Halafu kuna ile tairi ya ndani, kati ya zile mbili zinazokaa pamoja nyuma. Utingo huigonga kwa chuma, ikilia vizuri anapiga kofi bodi na kusema twende. Mlio huo unaweza kumtofautishia tairi lililokufa na lililo hai, lakini hauwezi kumwambia kama lina 90 au 110. Likiwa na 90, lenzake la nje linabeba mzigo zaidi, linapata moto, linakwisha kashata kabla ya wakati, na lawama zinamwendea aliyeliuza. Kulipima lile la ndani ni kazi ya kuchafuka: kupiga goti kwenye kokoto, kupitisha mkono kwenye tundu la rimu hadi kwapani, kuitafuta valvu kwa vidole, kuweka geji bila kuiona. Kisha fundi anapaka mate kwenye mdomo wa valvu aone kama yanatoa povu, anafunga kofia yake. Dereva mwenye haraka humwambia aanze na za nje. Fundi ninayemsema huanza na hiyo ya ndani.