Nguvu na Njia

Siku moja ya wazazi, shuleni kwetu hapa Nunguni, mwanafunzi wa kidato cha pili alisimama mbele ya watu akasoma insha yake. Insha ilihusu motokaa ya Kimarekani iitwayo Pontiac GTO, iliyotoka mwaka 1964. Mimi ndimi niliyemchagua aisome, kwa kuwa nilikuwa nimeipa alama 18 katika 20. Kijana alitaja injini yake yenye silinda 8 na ujazo wa inchi 389. Akataja nguvu zake za farasi 325. Akatueleza jinsi ing'okavyo mahali isimamapo kama mshale utokao katika uta. Watu wakapiga makofi. Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa dereva wa lori kwa miaka mingi katika vilima hivi vya Kilungu, alipoinua mkono akauliza: "Mwalimu, mtoto amesema vizuri. Lakini motokaa hiyo itashukaje? Breki zake ni za namna gani?"

Kijana akanitazama mimi. Nami nikatazama chini.

Msomaji wangu, swali lile lilikuwa fupi, lakini lilikuwa uhakiki bora kuliko alama zangu 18. Mzee aliona kilichoachwa nje ya sifa. Mimi, niliyefundishwa chuoni jinsi ya kusahihisha insha, nilikuwa nimelewa nambari kubwa kama mwanafunzi wangu. Nimeandika kurasa hizi ili nilipe deni la swali lile, na ili nawe ujue namna ya kuuliza lako siku utakapoletewa sifa za kitu chochote.

Kabla ya kukilaumu kitu, haki yataka tukijue. Wamarekani huziita motokaa hizi "motokaa za misuli", na jina lawafaa. Mafundi wa Pontiac, tawi moja la kampuni ya General Motors, walichukua motokaa yao ya umbo la kadiri, iliyoitwa Tempest, wakaitia injini kubwa ya motokaa zao kubwa. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi: mwili wa kadiri, nguvu nyingi, na bei ambayo kijana mwenye kazi aliweza kuimudu. Katika mwaka wake wa kwanza ziliuzwa GTO 32,450. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo Ford ikaleta Mustang, ambayo baadaye ilitiwa injini kubwa zaidi na zaidi. Dodge na Plymouth zikaja na injini ya Hemi ya inchi za ujazo 426, iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 425. Kufikia mwaka 1970 Chevrolet iliiuza Chevelle yenye injini ya inchi 454 na nguvu 450. Inchi hizo 454 ni kama lita 7.4, yaani karibu mara tano ya injini ya lita 1.5 ya Probox zipandazo kuja Nunguni kila asubuhi.

Basi motokaa hizo zilitengenezwa kwa njia gani? Kipimo chao kikuu kilikuwa robo maili, yaani mita kama 400, juu ya lami kavu, tambarare, iliyonyoka kama rula. Zilianza zikiwa zimesimama, na aliyetangulia kufika ndiye aliyeshinda. Katika nchi yenye barabara pana na, wakati ule, petroli ya bei rahisi, kipimo hicho kilikuwa na maana yake, na katika kipimo hicho motokaa hizo zilikuwa hodari kweli. Sitaki umcheke mamba kwa kuwa hapandi mti. Nataka uulize tu mashindano yalifanyiwa majini au nchi kavu.

Sasa tuitazame nambari yenyewe, kwa kuwa nambari nayo ni neno, na neno huweza kusema nusu ya kweli. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, nguvu za injini za Kimarekani zilipimwa injini ikiwa imewekwa peke yake juu ya jukwaa la majaribio, imeondolewa vitu vingi inavyovibeba barabarani. Vitu hivyo hula nguvu. Mwaka 1971 General Motors ilitangaza vipimo viwili pamoja, kile cha zamani na kile cha injini ikiwa na vifaa vyake vyote. Injini moja ya Chevrolet ya inchi 454, iliyotiwa katika Corvette ya mwaka huo, ilipata nguvu 365 kwa kipimo cha kwanza na 285 kwa kipimo cha pili. Injini ni ile ile. Nguvu 80 zilikuwako jukwaani, lakini dereva hakuzipata barabarani. Hakuna aliyesema uongo, na hata hivyo mnunuzi wa miaka ya nyuma alikuwa hajaambiwa kweli yote. Uonapo nambari imesimama peke yake, iulize: ulipimwa wapi, na umevuliwa nini kabla ya kupimwa?

Turudi kwa mzee wetu. GTO ya mwaka 1964 ilikuwa na breki za dramu katika magurudumu yote manne. Katika breki ya namna hiyo, vipande viwili vilivyopinda husukumwa kutoka ndani vibane ukuta wa bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Msuguano huo huzaa joto. Bakuli likishika moto hupanuka na kujitenga na vipande vyake, na vipande vyenyewe vikizidi kuungua hushindwa kushika. Dereva hukanyaga, na motokaa huendelea. Tena mmejifunza katika fizikia kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya kuzuiwa huongezeka mara nne. Mwisho wa robo maili tambarare, dereva huweza kuiacha motokaa ipoe. Katika mteremko utokao Nunguni kuelekea barabara ya Mombasa, kona hufuata kona, na hakuna anayeipa breki nafasi ya kupumua. Hilo ndilo mzee alilolijua kwa mguu wake kabla sisi hatujalijua kwa kitabu.

Huenda ukasema: "Mwalimu, hayo ni maneno; motokaa hizo hazikujaribiwa kwetu." La, ndugu yangu, jambo lililo karibu sana na hilo lilijaribiwa. Mwaka 1963 magari manne ya Mercury Comet, jina moja katika nyumba ya Ford ya Marekani, yalizungushwa katika uwanja wa Daytona, Florida, kwa maili 100,000 kila moja, kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Hilo lilikuwa tendo kubwa, na ninawavulia kofia waliolifanya. Mwaka uliofuata, wakati wa Pasaka, Comet ziliingizwa katika mashindano ya East African Safari, zikiwa na injini za silinda 8 za lita 4.7. Comet siyo GTO, lakini ni ndugu wa kizazi kimoja, waliolelewa na imani moja juu ya nguvu.

Mashindano hayo, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, yalipita katika njia ambazo wakati ule nyingi zilikuwa za udongo, katika majira ambayo masika huweza kugeuza vumbi kuwa tope kwa saa moja. Mwaka 1964 aliyeshinda alikuwa Peter Hughes, pamoja na msaidizi wake Bill Young, katika Ford Cortina GT yenye injini ya lita moja na nusu. Wa pili alikuwa Msweden Erik Carlsson, katika kijimotokaa cha Saab ambacho injini yake haikufika hata lita moja. Na Comet? Nyingi zilikomea njiani. Zilizofika mwisho zilikuwa mbili tu, wala hakuna iliyoingia katika kumi za kwanza.

Jihadhari hapa, msomaji, tusije tukafanya kosa lile lile kwa upande wa pili. Safari haikuthibitisha kwamba injini ndogo ni bora kuliko kubwa. Tope na bahati mbaya havichagui jina la motokaa. Mwaka 1963, kati ya motokaa 84 zilizoondoka, zilifika saba tu. Tena Cortina nayo ilitoka katika nyumba hiyo hiyo ya Ford, katika tawi la Uingereza, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba taifa moja lilishindwa na jingine. Safari ilionyesha jambo dogo zaidi, ambalo kwangu ni zito zaidi: maili 100,000 za Daytona hazikutosha kutabiri siku chache za tope la Afrika ya Mashariki. Wahenga walitukataza tusisafirie nyota ya mwenzetu. Kipimo cha mwenzetu ni kweli kwake. Kwetu hakina budi kupimwa tena.

Kwa nini nalichukulia jambo hili kwa uzito? Kwa sababu si jambo la picha za ukutani pekee. Enzi ya motokaa za misuli ilififia Marekani mapema katika miaka ya 1970, zilipokuja sheria za kupunguza moshi, gharama za bima, na uhaba wa mafuta wa mwaka 1973. Imani yake, hata hivyo, haikufifia. Ninaisikia kila jioni hapa sokoni, vijana wanapomsifu dereva kwa mwendo wake, au mwendesha bodaboda kwa jinsi alivyoikata kona. Sijasikia hata mara moja wakimsifu mtu kwa jinsi alivyosimama. Nawe msomaji, nadhani wamjua mtu mmoja, wa kijijini kwenu au wa ukoo wenu, ambaye angekuwa hai leo kama sifa zetu zingegawanywa kwa haki kati ya kwenda na kusimama.

Asubuhi ya pili nilimwita yule kijana nikamwomba radhi. Nilimwambia kwamba alama 18 zilikuwa kosa langu mimi, kisha nikamtuma kwa mzee. Alikaa naye Jumamosi nzima. Insha yake ya pili ina nambari chache kuliko ya kwanza, lakini ndani yake mna sentensi moja juu ya harufu ya breki zinazoungua, na jinsi dereva wa zamani alivyoshuka kilima kwa gia ile ile ambayo angeipandia. Niliipa alama 16, kwa kuwa tahajia yake ilikuwa mbaya. Picha ya GTO bado imo katika jalada la daftari lake, wala sikumwambia aibandue. Chini yake ameandika kwa kalamu ya risasi: "breki za dramu, zote nne."