Dracula Mbele ya Wasomaji Wake

Katika masomo ya fasihi tumezoea kuuliza mwandishi alikusudia nini. Ni mara chache tunapouliza wasomaji walipokea nini, na kwa nini wasomaji wa zama mbalimbali, wakiwa na kitabu kile kile mikononi, wametoa hukumu zisizopatana. Ili kulitazama jambo hili tumechagua riwaya moja ya Kiingereza, nayo ni Dracula ya Bram Stoker, Mwayalandi mzaliwa wa Dublin, iliyotolewa London mwezi wa Mei mwaka 1897. Huenda wako watakaouliza hadithi ya maiti anayeamka usiku kunyonya damu ina nafasi gani katika mkusanyo wa insha za utamaduni wa taifa. Jibu litajitokeza njiani. Kwa sasa yatosha kusema kwamba Kiswahili nacho kina wanyonyaji wake, na kwamba tuna haki ya kuwapima wa wenzetu kwa mizani yetu.

Kisa chenyewe ni hiki. Jonathan Harker, wakili kijana wa mji wa Exeter, anapelekwa Transylvania, nchi ya milima iliyokuwa wakati huo chini ya dola ya Austria na Hungaria na ambayo leo ni sehemu ya Romania. Kazi yake ni kukamilisha ununuzi wa jumba lililo karibu na London kwa niaba ya kabaila mmoja aitwaye Dracula. Anagundua kwamba mwenyeji wake ni mfu anayeishi kwa damu ya walio hai. Dracula anavuka bahari na kuingia Uingereza akiwa na masanduku 50 ya udongo wa kwao, kwa kuwa hawezi kupumzika ila ndani ya udongo huo. Anamwangamiza msichana Lucy Westenra, kisha anamshambulia Mina, mke wa Harker. Kundi la wanaume wakiongozwa na mzee Van Helsing, msomi wa Kiholanzi, wanamwinda hadi wanamrudisha mbio kwao na kumwua. Riwaya za namna hii, zenye magofu, makaburi, usiku na siri za kurithiwa, huitwa riwaya za kigothi, na zilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 100 Stoker alipoandika ya kwake.

Wasomaji wa kwanza waligawanyika, lakini si kwa sababu ambazo msomaji wa leo angedhani. Gazeti la Daily Mail liliisifu riwaya na kuitaja pamoja na Frankenstein ya Mary Shelley na Wuthering Heights ya Emily Brontë. Jarida la Athenaeum lilikuwa gumu zaidi. Kwa maoni yake, mwandishi alikusanya vitisho vingi bila ustadi wa kuvijenga viwe kazi moja ya fasihi. Jarida la Spectator nalo lilikuwa na lalamiko la ajabu kidogo: kwamba riwaya ni ya kisasa mno. Liliona kwamba mashine za taipu na mashine za kunasa sauti hazikai vizuri pamoja na mazimwi ya kale, na kwamba kisa kingefaa zaidi kama kingewekwa katika zama za nyuma. Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes, alimwandikia Stoker barua ya pongezi mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Mama yake Stoker naye alifurahi sana. Yeye ndiye aliyekuwa amemsimulia mwanawe habari za kipindupindu kilichoukumba mji wa Sligo mwaka 1832. Kwa wote hawa swali lilikuwa moja, yaani kama kitabu kinatisha vya kutosha, na kama kutisha kunatosha.

Sisi tunaona kwamba jarida la Spectator liligusa jambo la maana bila kulitambua. Nguvu ya riwaya imo katika huo huo usasa uliolalamikiwa. Dracula hashindwi kwa vitunguu saumu na misalaba peke yake. Anashindwa kwa ratiba za treni, simu za maandishi, hati za ununuzi wa nyumba na kumbukumbu zilizopigwa taipu kwa nakala. Hata damu inayotiwa Lucy kutoka kwa wanaume wanne ni dawa ya kisasa. (Mwalimu wa biolojia ataona papo hapo kosa ambalo Stoker hangeweza kulijua: makundi ya damu yaligunduliwa na Karl Landsteiner karibu na mwaka 1901.)

Baadaye wakaja wasomaji wasiosoma. Mchezo wa jukwaani wa mwaka 1924, filamu ya Kijerumani Nosferatu ya mwaka 1922 na filamu ya Kimarekani ya mwaka 1931 aliyoigiza Bela Lugosi ziliwapa watu wengi Dracula ambaye hayumo kitabuni. Wengi huamini kwamba mwanga wa jua humwua. Katika riwaya anatembea mchana katika mitaa ya London, ingawa nguvu zake hupungua; jua la kuua lilitokana na Nosferatu. Wengi huamini kwamba alichomwa kigingi moyoni. Katika riwaya anauawa kwa visu viwili, kimoja cha Harker, kisu kipana cha askari wa Nepal waliotumikia jeshi la Uingereza, na kingine cha Quincey Morris, Mmarekani. Mwanafunzi anayejibu mtihani kwa kukumbuka filamu hujulikana kwa makosa haya.

Kuna wasomaji waliokuwa na haki ya kusema mapema lakini wakachelewa kusikika. Warumania hawakupata tafsiri ya riwaya hii katika lugha yao kwa umbo la kitabu hadi mwaka 1990, baada ya utawala wa Ceauşescu kuanguka. Wengi wao walipokutana na Dracula wa Stoker waliudhika, maana tangu mwaka 1972 kitabu cha Raymond McNally na Radu Florescu kilikuwa kimewazoeza watalii kumtambulisha kabaila huyo na Vlad, mtawala wa Wallachia wa karne ya 15, anayekumbukwa kwao kama mpiganaji dhidi ya Waturuki. Wataalamu waliochunguza madaftari ya Stoker wameonyesha kwamba alichota mambo machache tu kutoka katika historia hiyo, jina likiwa mojawapo. Hakuwahi kufika Transylvania. Katika riwaya Dracula anajiita Mszekely, yaani mtu wa kabila jingine kabisa. Hata hivyo hatuwezi kuwacheka walioudhika. Nchi iliyofanywa makao ya mazimwi na mtu ambaye hakuikanyaga ina haki ya kuuliza kwa nini.

Sasa tuwageukie wahakiki wa siku za karibu. Mwitalia Franco Moretti alitoa hoja kwamba Dracula si kabaila hata kidogo, bali ni mtaji. Alisema tutazame anavyoishi: hana mtumishi, anaendesha farasi mwenyewe, anaandaa meza na kutandika kitanda mwenyewe, hali anasa wala hafanyi karamu. Analotaka ni kukua, na hawezi kukua ila kwa damu ya wengine. Karl Marx alikuwa tayari amelitumia tashibihi la mnyonya damu kueleza mtaji mwaka 1867, miaka 30 kabla ya Stoker. Hoja hii ina mvuto mkubwa kwa msomaji wa Kiswahili, kwa sababu sisi hatuhitaji tashibihi. Tangu kabla ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno unyonyaji limekuwa neno la kawaida la siasa, na mnyonyaji akaitwa kupe bila mtu yeyote kuhitaji kusoma riwaya ya kigothi. Hata tendo lenyewe lina pande mbili katika lugha yetu: kupe hunyonya, na mtoto mchanga hunyonya. Kuna mahali katika riwaya ambapo Dracula anamlazimisha Mina anywe damu kifuani pake, kama mtoto kwa mama. Wahakiki wa Kiingereza wameandika kurasa nyingi kulieleza tendo hilo. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kimelibeba lote.

Pamoja na hayo hatumfuati Moretti hadi mwisho. Wanaomwinda Dracula nao ni watu wa fedha: mmoja amerithi cheo na mali, Mmarekani ni tajiri, na Mina mwenyewe anashukuru kwamba pesa zipo za kuendeshea msako. Damu inayopigwa vita humu ni ya mnyonyaji mmoja mgeni.

Huo ugeni ndio alioukazia Stephen Arata mwaka 1990. Alikumbusha kwamba riwaya ilizaliwa mwaka wa sherehe kubwa za miaka 60 ya malkia Victoria, dola ikiwa imetapakaa duniani, na kwamba hofu iliyofichwa ndani yake ni hofu ya mkoloni kutawaliwa. Dracula anasoma Kiingereza kwa bidii ili asitambulike kuwa mgeni. Anakusanya vitabu vya sheria, orodha za majeshi na ratiba za reli za nchi anayotaka kuiingia. Ananunua ardhi kwa hati halali, kisha anawageuza wenyeji mmoja mmoja wawe watu wake. Msomaji wa Afrika Mashariki hatakosa kuitambua njia hii. Ndiyo waliyoipita mawakala wa makampuni na wapelelezi wa Ulaya huku kwetu katika miaka ile ile. Wasomaji wa London waliitetemekea hadithi hiyo bila kujiona ndani yake.

Na huku, wakati wa ukoloni, zilienea simulizi nyingine za damu. Watu wa miji na mashamba ya Kenya, Uganda na Tanganyika walisimuliana habari za mumiani na wazimamoto, watu waliosemekana kuwakamata wapita njia usiku na kuwatoa damu ili itengenezwe dawa. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo na kutoa kitabu mwaka 2000. Tofauti iko wazi: wanyonya damu wa simulizi hizi si wafu na hawana meno ya chonge, ni waajiriwa wenye magari, vyombo na mabwana. Hatusemi kwamba uvumi huo ulikuwa kweli. Uvumi wa aina hiyo umeua watu wasio na hatia, kama ilivyotokea Malawi mwaka 2017. Tunasema tu kwamba hofu ya Stoker ilikuwa ya mwenye dola, na hofu ya mumiani ilikuwa ya mtawaliwa, na ile ya pili iliingia katika majalada kwa mkono wa maofisa waliowacheka wasimulizi wake.

Hapo ndipo tunapoiona kasoro kubwa ya Dracula, ambayo pia ndiyo inayoifanya istahili kusomwa shuleni. Riwaya nzima ni mafungu ya shajara, barua, simu na vipande vya magazeti, na karibu yote ni maneno ya upande mmoja. Dracula hana shajara. Tunapata kibarua chake kifupi cha kumkaribisha mgeni, na hotuba zake kama Harker alivyozinukuu, kisha anageuka kuwa mtu wa kusemwa tu. Carol Senf aliwahi kueleza mwaka 1979 kwamba wasimulizi hawa si wa kuaminika, kwa kuwa ni mashahidi na ni wauaji pia. Miaka minne kabla yake mtunzi Fred Saberhagen alikuwa amempa Dracula riwaya yake mwenyewe ya kujitetea. Wako wanaosema kwamba jibu hilo ni mzaha. Kwetu sisi, ambao habari za mababu zetu kwa muda mrefu zilisomwa katika ripoti za waliowapiga vita, si mzaha.

Inafaa mwalimu awasomee wanafunzi sehemu ambapo Dracula anaingia usiku na kuzitia motoni karatasi na rekodi zote za sauti alizozikuta. Yeye anajua kilichomfunga. Lakini nakala moja ilikuwa imefungiwa kwenye kasha la chuma, na nakala hiyo ndiyo tuliyo nayo. Miaka 7 baadaye Harker anaitazama na kukiri kwamba katika lundo lile zima karibu hakuna hati moja ya asili. Ni kurasa za taipu tu, alizozipiga zaidi mke wake. Van Helsing, mtoto wa Harker akiwa amempakata, anasema kwamba hawahitaji ushahidi wala hawamwombi mtu yeyote awaamini.