Mkunga na Mstari wa Mililita 500

Mtoto ameshalia, kitovu kimekatwa, na ndugu walioko nje wameanza kupeana hongera. Mkunga bado hajainuka. Kondo la nyuma limetoka, na mkono wake wa kushoto umetulia juu ya tumbo la mama, unasikiliza kama mfuko wa uzazi unajikaza. Anazungumza na mama, anajibu maswali ya wenzake, lakini mkono hautoki pale.

Ana sababu. Kondo linapobanduka huacha mishipa ya damu wazi, na mimba iliyokomaa hupitisha nusu lita ya damu au zaidi kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Kinachoifunga mishipa hiyo ni misuli ya mfuko wenyewe, ambayo nyuzi zake zimepishana na kuibana inapojikaza. Misuli ikilegea, mama anaweza kufa ndani ya saa chache.

Chini ya makalio ya mama ametandaza plastiki inayoteremka na kuwa mfuko wenye vipimo vya mililita. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Mwanamke aliyezalisha kwa miaka mingi angeweza kuamini macho yake, lakini haamini. Damu iliyonywewa na kanga na mashuka haihesabiki, na jicho, hata la mzoefu, hupunja. Kwa hiyo kila baada ya dakika 15 anainama mpaka jicho liwe sawa na mstari, anasoma, anapima mapigo na presha, anabonyeza tumbo, anaandika.

Usiku mmoja nilimwona akisoma 300, kisha akashika kifundo cha mkono wa mama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mapigo yalikuwa yamepanda. Chini ya vidole vyake mfuko wa uzazi ulikuwa umelegea. Hakungoja damu ifike mstari wa hatari wa 500.

“Sista, lete lile boksi la dharura, na umwite daktari.” Sauti yake haikupanda. Kwa mama alisema, “Nakukanda tumbo, mwanangu. Itauma. Nivumilie.”

Akakanda kwa mzunguko, kwa nguvu isiyo na pupa, mpaka mabonge yakatoka. Sista alikuwa ameshapata mshipa kwa kanula nene. Oksitosini ilitoka kwenye friji, maana joto huiharibu, ikaingia kwa dripu. Gramu 1 ya asidi ya traneksamiki ikafuata polepole, kama dakika 10. Mpira wa mkojo ukaingizwa, kwa kuwa kibofu kilichojaa huzuia mfuko kujikaza. Kisha akalitandaza kondo kiganjani chini ya taa, akapitisha kidole pembezoni mwake akitafuta kipande kilichobaki ndani. Hakukuwa na pengo. Akakagua njia ya uzazi kama imechanika.

Hakuna dawa ngeni hapo. Zamani ziliwekwa kwenye foleni: hii ikishindwa, ndipo ile ijaribiwe, na damu inaendelea kutoka. Utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukatangazwa 2023, ulipima damu kwa plastiki kama hii na kutoa matibabu yote kwa pamoja. Kuvuja damu kupita kiasi, pamoja na upasuaji na vifo vinavyotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Nadhani takwimu hiyo inaeleweka vizuri zaidi ukiwa umeitazama mikono yenyewe.

Mfuko wa uzazi ulijikaza, mgumu kama embe bichi. Plastiki ilisoma 450, na usomaji uliofuata ulikuwa 450 vilevile. Akaomba mtoto aletwe anyonye, kwani kunyonya nako huukaza mfuko wa uzazi. Daktari alipofika alikuta karatasi imejazwa: saa, dawa, kipimo, mapigo. Na kabla mkunga hajaenda kunawa, alimwagiza sista alijaze boksi upya, kwa sababu kitanda cha tatu kilikuwa na mama mwingine aliyekaribia kusukuma.