Risasi Zikinyamaza: Jinsi ya Kuchagua Filamu ya Kupinga Vita

Mtu akikuambia filamu fulani inapinga vita, usimwamini kwa sababu tu imejaa maiti. Hata filamu za mapigano tupu zina maiti tele. Kijana wa hapa Matinyani, Kitui, akijaziwa filamu kwenye flashi anajua mapema kwamba staringi hafi, na msimulizi wa filamu DJ Afro akiisimulia, kila adui anayeanguka anakuwa kichekesho. Usimulizi huo una ufundi wake, nami nauheshimu. Lakini filamu ya kupinga vita hukaguliwa kwa jicho jingine.

Mimi hutazama kwanza kinachotokea risasi zikinyamaza. Nani anafua? Nani anazika? Nani analipwa, na nani anadhulumiwa? Filamu dhaifu hupaparikia pambano linalofuata. Tazama mwanzo wa All Quiet on the Western Front ya Edward Berger, ya 2022. Mwanajeshi anauawa, kisha kamera inaifuata sare yake. Maiti inavuliwa, nguo zinafungwa furushi, zinafuliwa mpaka maji yanakuwa mekundu, halafu zinafika kwenye ukumbi wa vyerehani ambako wanawake wanaziba matundu. Kijana Paul anapokabidhiwa sare hiyo anakuta ndani kibandiko chenye jina la mtu mwingine, anadhani wamekosea. Karani anakinyofoa, anamrudishia sare, basi. Hakuna hotuba yoyote, na tayari umeshaelewa huyu kijana anapelekwa wapi.

Kigezo changu cha pili ni sauti. Katika Come and See ya Elem Klimov (1985), kuhusu Belarus chini ya Wanazi, mabomu yanaangukia karibu na mvulana Flyora na masikio yake yanaziba. Kwa muda mrefu nasi tunasikia anavyosikia yeye: mlio mwembamba na maneno yaliyofifia. Ukiitazama kwa simu, vaa visikizio, na asiwepo wa kuisimulia juu yake.

Ila kama ningeruhusiwa kuingia na filamu moja tu katika kila nyumba ya Kitui, ningeingia na Camp de Thiaroye ya Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow, ya 1988. Sababu ni kwamba vita viwili vikuu vya dunia vilitufikia hapa Ukambani kwa njia ya watu waliochukuliwa. Katika vita vya kwanza Wakamba walibeba mizigo ya jeshi, na wapagazi waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi. Katika vita vya pili walijaa katika jeshi la kikoloni la Waingereza, King's African Rifles, wakafika Ethiopia na Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wengi wao wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Filamu ya kisa hicho naingoja kwa hamu.

Sembène, aliyekuwa mwanajeshi wa Ufaransa katika vita vya pili, anasimulia kuhusu askari wa Kiafrika waliorudi Senegal na kuambiwa faranga zao zitabadilishwa kwa nusu ya thamani. Miongoni mwao yumo Pays, aliyenusurika kambi ya Wanazi ya Buchenwald na kupoteza usemi. Anavaa kofia ya chuma ya Kijerumani, na waya wa seng'enge wa kambi mpya ya Thiaroye unamtia hofu ileile. Usiku vifaru vinapokuja ni yeye anayeviona, wenzake hawamwamini. Mauaji ya kweli ya askari hao, yaliyofanywa na jeshi la Ufaransa, yalitokea tarehe 1 Desemba 1944. Filamu inakwenda polepole, na ni sawa: lazima uyajue madai ya watu hawa kabla hawajanyamazishwa.

Angalia pia adui amepewa sura gani. Black Hawk Down (2001) imepigwa kwa ustadi mkubwa, lakini Wasomali wake ni umati unaokimbilia risasi. Siiweki katika orodha yangu. Eye in the Sky (2015) ina mabwana wengi mno wanaobishana mezani kuhusu shambulio la ndege isiyo na rubani, hata hivyo inamweka mbele yetu msichana anayeuza mkate Eastleigh, Nairobi, huku kanali akimsukuma ofisa wake ashushe makadirio ya hatari ya msichana huyo kuuawa hadi asilimia 45. Something Necessary ya Judy Kibinge (2013) inakwenda mbali zaidi. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, muuguzi Anne anajenga upya shamba lililoteketezwa, na Joseph, mmoja wa vijana wa genge lililomshambulia, anapewa nafasi ya kuonekana kama binadamu bila kufutiwa kosa.

Anzeni na hiyo ya Kibinge, watu wazima wa nyumba pamoja. Grave of the Fireflies ya Isao Takahata (1988) isiwadanganye kwa kuwa ni katuni, wadogo hawaiwezi. Ya Klimov iacheni mpaka watoto wamelala, na msiifuatishe na nyingine usiku huohuo.